Mkataba wa Filamu Usomwe Nyumbani Kwanza

Ukiitwa kwenye kazi ya filamu, iwe unaigiza, unashika kamera, unapaka watu meikapu au unaendesha gari la vifaa, omba mkataba siku mbili kabla ya kuusaini na uupeleke nyumbani. Keti na mwenzi wako watoto wakishalala, muusome wote wawili. Wengi wetu hatufanyi hivyo. Tunasaini juu ya boneti ya gari la prodyuza, tunapiga simu kusema tumepata kazi, na mengine familia inayajua kadiri yanavyoibuka: kumbe lokesheni iko Lushoto na si Kigamboni, kumbe ni wiki tatu, kumbe nusu ya malipo itatoka filamu ikishauzwa.

Watu wa nje wanaamini ndoa za wasanii huvunjwa na sini za mapenzi na tamaa ya umaarufu. Zipo zilizovunjika hivyo. Lakini katika nyumba nyingi za watu wa kazi hii hapa Dar es Salaam, hasa wale ambao sura zao hazionekani kwenye bango, ugomvi huanza mapema zaidi, na huanzia kwenye saa na pesa. Mtu hajulikani atarudi lini, na pesa haijulikani itaingia lini. Mambo hayo mawili yanatakiwa kuandikwa kwenye mkataba, kwa hiyo mkataba ndio mlango wa mwongozo huu. Sheria nitakazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za kazi, na mashauri ya ndoa za Waislamu huko hupelekwa kwa Kadhi.

Saa za kazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Hata zikiwepo saa za ziada, siku ya kazi haitakiwi kuvuka saa 12. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine mtu apumzike saa 12 mfululizo, na kila wiki apate saa 24 za mapumziko. Kwenye lokesheni zetu namba hizi hazitajwi. Prodyuza amekodi nyumba kwa siku, amekodi kamera kwa siku, jenereta inakula mafuta, kwa hiyo anataka sini nyingi kadiri inavyowezekana kabla ya kufunga. Kisha umeme unakatika, jirani anafungulia muziki unaoingia kwenye sauti, mvua inanyesha, au mwigizaji mkuu amekwama kwenye kazi nyingine upande wa pili wa jiji. Aliyeaga nyumbani kwamba atarudi saa 2 usiku anafika saa 9 alfajiri.

Tambua kwanza ni kazi ya aina gani, maana zinaumiza nyumba kwa njia tofauti. Filamu za zama za VCD na DVD, zilizouzwa kupitia wasambazaji wa Kariakoo, zilishutiwa kwa siku chache na watu wakilala kambini mpaka kazi iishe. Kambi ni safari, na familia inaweza kujipanga kwa safari: nani atawapeleka watoto shule, pesa ya matumizi inaachwa kiasi gani, shangazi anakuja kukaa au la. Tamthilia za ving'amuzi ni jambo jingine. Kazi inaweza kwenda kwa miezi mingi na unarudi nyumbani karibu kila siku, lakini unarudi usiku wa manane na kuondoka kabla ya jua. Hapo ndipo ninapoona ndoa nyingi zikichoka, kwa sababu upo na haupo. Majirani wanaona gari linaingia, mama mkwe anajua mtu yupo, lakini mtoto anamaliza wiki nzima hajazungumza na baba yake. Mwenye tamthilia ajipangie siku moja kwa wiki isiyoguswa, aiweke kwenye mkataba, na aitetee kama anavyotetea malipo yake.

Kuna kifungu watu wa tamthilia wanapaswa kukijua. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama karatasi inamwita mtoa huduma wa kujitegemea. Ukihesabiwa mwajiriwa, likizo, mapumziko na michango ya NSSF vinakuwa haki yako. Sishauri uanze kazi kwa kumtishia prodyuza na sheria. Nashauri uijue, ili unapoomba siku ya mapumziko ujue kwamba hakufanyii hisani.

Nyumbani, mwambie mwenzi wako saa ya mwisho kabisa unayoweza kurudi, usimpe saa unayoitamani. Ukisema saa 7 usiku na ukafika saa 5, mmefurahi wote. Ratiba ya kesho inapotumwa kwenye kundi la WhatsApp, mtumie na yeye hapo hapo. Kwa kuwa simu huzimwa sini ikianza, mpe namba ya mtu mmoja ambaye simu yake haizimwi, kwa kawaida meneja wa kazi au wa lokesheni, na umjulishe mtu huyo kwamba familia yako inayo namba yake. Mtoto akishikwa na homa kali saa 4 usiku, mkeo asilazimike kupiga simu ishirini zisizopokelewa huku akiwaza mengine. Suala la usafiri baada ya saa 4 usiku nalo liandikwe. Mwanamke aliyemaliza kazi usiku wa manane hapaswi kutafuta bodaboda barabarani akiwa bado na meikapu ya uhusika wake usoni.

Pesa

Malipo ya filamu huja kwa mafungu. Kuna malipo ya awali, kuna ya katikati ya kazi, na kuna yale yanayoahidiwa kazi ikikamilika au ikiuzwa. Kanuni yangu ni kwamba nyumba ipangiwe kwa pesa iliyokwisha kuingia tu. Fungu la mwisho lisihesabiwe kwenye ada wala kwenye kodi, kwa sababu linategemea mambo msiyoyashika: mnunuzi, kituo cha televisheni, kibali cha Bodi ya Filamu, na mhariri ambaye naye anadai chake.

Pesa ikiingia, anzeni na vitu vinavyodaiwa kwa mkupuo. Dar es Salaam wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 6 au mwaka mzima, na Januari ina ada na sare za shule. Mtu wa mshahara hujikusanya mwezi hadi mwezi. Wewe unalipwa mara tatu au nne kwa mwaka, hivyo kila fungu lilipe kodi na ada kwanza kabla marafiki hawajajua kwamba umelipwa. Kisha bima ya afya. Bunge limekwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, lakini familia isingoje kusukumwa na sheria. Tumewaona wasanii wapendwa wakiugua na mashabiki wakipitisha michango, na mchango hauna ratiba wakati ugonjwa unayo. NSSF nayo hupokea wanachama waliojiajiri, na kiasi kidogo kinachowekwa kila mara kina faida kuliko kikubwa kinachongojewa. Baada ya hapo ndipo matumizi ya kila siku, na ndipo ndugu. Najua ugumu wa kuwaweka ndugu mwisho. Ukionekana kwenye televisheni, ukoo mzima unaamini una pesa, na shemeji anayeomba mtaji hawezi kuelewa kwamba lile gari uliloliendesha kwenye tamthilia lilikuwa la kukodi. Mwambieni kwa pamoja, kwa sauti moja. Mke asiachiwe kazi ya kukataa kila siku huku mume akibaki mwema wa ukoo.

Vifaa vinataka mazungumzo ya peke yake. Kameramani akinunua kamera kwa pesa ambayo mkewe aliiweka akiba kutoka kwenye biashara ya vitenge, kamera ni ya nani? Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ya mtu, lakini mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja inaweza kugawanywa na mahakama ndoa ikivunjika. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Wanaume wa fani yetu wakisome kipande hicho mara mbili. Wiki tatu ulizokaa kambini, kuna mtu aliyekesha na watoto wako ili wewe uweze kukesha na taa. Risiti za vifaa zihifadhiwe, na kama mmechanga wote, ziandikwe majina yote mawili. Mali ikiwa na majina ya wote wawili, sheria huanza kwa kuchukulia kwamba mna haki sawa.

Prodyuza anayetaka kuweka nyumba rehani ili amalizie filamu, asimame hapo. Sheria hiyo hiyo ya Ndoa inakataza kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi. Ridhaa ya kusainishwa usiku mmoja kabla ya kwenda benki, bila kujua filamu itauzwa wapi, hiyo mimi siihesabu kuwa ridhaa. Mweleze mwenzi wako filamu itagharimu nini, nani amekwisha kuonyesha nia ya kuinunua kwa maandishi, na mtaishi wapi isipouzwa. Asiporidhika, tafuta mtaji kwingine.

Halafu lipo hili la nyumba yenyewe kugeuzwa lokesheni. Sinema yetu imejengwa kwa nyumba za kuazima, nguo za waigizaji wenyewe na magari ya marafiki. Ni ukarimu uliotufikisha hapa, lakini umekula vitanda na makochi ya watu. Kama sebule yenu itashutiwa, mkubaliane nyote wawili, mlipwe kama anavyolipwa mwenye nyumba mwingine, na chumba cha kulala kisiingizwe. Watoto wawe kwa bibi yao siku hiyo. Nguo za mke zisitolewe kabatini kwa ajili ya mwigizaji mwingine bila yeye kuulizwa. Unaweza kuliona jambo hilo dogo, lakini muulize mwanamke aliyeona kitenge chake cha sendofu kimevaliwa na mwingine kwenye skrini.

Wote wawili mkiwa kwenye fani, kila mmoja asaini mkataba wake na alipwe kwenye simu au akaunti yake. Ule utaratibu wa prodyuza kumwambia mwigizaji wa kike kwamba pesa yake amempa mumewe ukataliwe siku ya kwanza, na mume awe wa kwanza kuukataa.

Sini za mapenzi na macho ya watu

Skripti ikiwa na sini ya kukumbatiana, kubusu au kulala kitanda kimoja, mwenzi wako aijue kabla haijashutiwa. Asikutane nayo kwenye kionjo kilichotumwa na binamu yake. Mwonyeshe kurasa zenyewe. Mweleze nini kitafanyika, nani atakuwepo, na nini umekataa. Kisha yale uliyoyakataa yaandikwe kwenye mkataba, na mwongozaji ayasome pamoja na mwigizaji mwenzako kabla ya siku ya kazi. Marekani, kituo cha HBO kilianza mwaka 2018 kuweka mtu maalumu wa kusimamia sini za namna hii, anayepanga kila mguso mapema kama mtu anavyopanga hatua za ngoma. Sisi bajeti zetu hazina mtu huyo, lakini kazi yake inaweza kufanywa na mwongozaji msaidizi mwanamke mwenye msimamo: waliobaki chumbani wawe wachache, simu ziwe nje, mguso usiozungumzwa usifanyike, na mwigizaji akisema basi, kamera izimwe.

Kama imani yako ya dini au makubaliano yenu ya ndoa hayaruhusu sini hiyo, kataa wakati wa kusoma skripti. Kukataa siku ya kushuti kunawaumiza watu thelathini waliokwisha kufika, na kukubali kwa shingo upande kunaumiza nyumba yako. Nimeona pia wenzi wanaokuja lokesheni siku ya sini hiyo ili kulinda. Sishauri. Anayeigiza anashindwa kazi, anayetazama anaumia zaidi kwa kurudiwa kwa teki, na wafanyakazi wote wanageuka mashahidi wa ndoa yenu. Njoo siku nyingine, ule chakula cha lokesheni, uwafahamu watu ambao mwenzi wako anakaa nao saa 14. Ukishawajua kwa majina na sura, wivu mwingi hupungua wenyewe.

Watoto na wazee nao waandaliwe. Watazamaji wetu wanaichukua hadithi kwa moyo wote. Mwanamke anayeigiza mchepuko hutukanwa sokoni Tandale na watu wasiomjua, na mtoto wake huambiwa darasani kwamba mama yake anaiba waume za watu. Mwambie mtoto mapema, kwa lugha yake, kwamba mama amevaa nguo na maneno ya mtu mwingine. Mchukue siku moja aone mtu "aliyekufa" akiinuka na kunywa soda. Zungumza na mwalimu wake wa darasa. Mama mkwe atembelewe na mtoto wake wa kuzaa, si na mkwe. Kama mke ndiye mwigizaji, mume aende kwa mama yake akamweleze kazi ya mkewe kwa heshima, na wazi kwamba anaiunga mkono.

Kuhusu kiki sina maneno mengi. Ndoa yako isitumike kutangaza filamu. Picha za harusi ya kwenye sini zisirushwe Instagram bila kutaja kwamba ni za filamu, penzi la kubuni na mwigizaji mwenzako lisitangazwe hata prodyuza akiahidi nyongeza, na ugomvi wa ndani usipelekwe mubashara mtandaoni. Magazeti ya udaku na kurasa zake yakishapata mlango wa nyumba yako hayatoki siku unayotaka yatoke. Weka kwenye mkataba kwamba matangazo hayatagusa maisha yako binafsi. Kuhusu sura za watoto mtandaoni, wazazi mkubaliane wote wawili, na asiyetaka ndiye asikilizwe.

Kuna jambo zito zaidi linaloingia nyumbani kwa siri. Mtu mwenye uwezo wa kukupa uhusika akidai ngono, hiyo ni rushwa, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kimeifanya kosa la jinai. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Tunza ujumbe na rekodi. Wanawake wengi hunyamaza kwa sababu wanaogopa kwamba mume akisikia atawakataza kazi, au atauliza walivaa nini. Mume, mkeo akikuletea habari hiyo, amekuamini kwa jambo gumu kuliko yote ya fani hii. Mwamini, mshike mkono, mwende wote. Ukimfungia ndani umemwadhibu aliyeonewa, na safari nyingine hatakwambia. Wapo pia wanaume wanaodaiwa hivyo hivyo, na kwao kusema ni kugumu maradufu.

Mimba, watoto na mikono ya nyumbani

Mwajiriwa ana haki ya likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba ana angalau siku 3. Anayenyonyesha aruhusiwe hadi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Anayefanya kazi kwa mkataba wa filamu moja moja mara nyingi hazipati haki hizi, kwa hiyo aziombe kama masharti ya mkataba na ajiwekee akiba mapema. Mwigizaji wa tamthilia ampe taarifa mwandishi na prodyuza mimba ikishatulia, maana hadithi inaweza kupindishwa kukiwa na miezi, haiwezi kukiwa na wiki. Mhusika anaweza kusafiri, kuugua, au kubeba mimba naye. Mama anayerudi na kichanga aombe chumba safi chenye mlango unaofungwa na nafasi ya mtu wa kumshika mtoto. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kubadilisha mwigizaji katikati ya msimu. Na baba wa fani hii, zile siku 3 ni kiwango cha chini. Kataa kazi mwezi ule. Filamu nyingine itakuja.

Dada wa kazi ndiye anayeshikilia familia nyingi za filamu, na analipwa vibaya. Kama saa zako zinavuka, saa zake nazo zinavuka. Mlipe nyongeza siku unazolala kambini, mpe siku yake ya kupumzika, na usimwache peke yake na watoto wiki nzima bila mtu mzima wa ukoo anayepita kuangalia. Bibi akiwepo, aombwe kwa adabu na kupewa nauli na matumizi. Bibi naye ana shughuli zake.

Watoto wa wasanii wengi huvutwa kwenye kamera, na mara nyingine mvuto huo huzaa mema. Yvonne Cherry, tunayemwita Monalisa, ni binti wa Suzan Lewis, yule Natasha tuliyekua tukimtazama, na wote wawili wamejenga majina. Ila mtoto akiigiza, mzazi awe pale kama mzazi, asiwe pia mwongozaji au prodyuza wa siku hiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Shule ipewe nafasi ya kwanza, na malipo yake yawekwe kwenye akaunti yake. Ukiona mtoto ananyanyaswa, kwenye lokesheni au nyumbani, namba ya bure ni 116.

Nyumba ikitikisika

Nawaambia sasa ninyi mliooana na watu wa filamu bila kuwa wa filamu. Ulizeni kuhusu kazi yenyewe kabla ya kuuliza kuhusu watu. Mtu aliyeshika kipaza sauti juu ya kichwa siku nzima akiulizwa sini ipi ilimsumbua, atazungumza. Akipokewa na swali la nani alikuwepo, atafunga mdomo, na ukimya huo mtauelewa vibaya wote wawili. Lakini mkipigwa, msivumilie kwa jina la sanaa wala umaarufu. Sheria ya Ndoa haimpi mume wala mke ruhusa ya kumpiga mwenzake, na vituo vya polisi vina madawati ya jinsia.

Wapo wengi kwenye fani wanaokaa pamoja miaka bila ndoa, wakingoja filamu itakayolipa harusi kubwa. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana kama mume na mke huchukuliwa kuwa wameoana, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani, na mara nyingi hupingwa na ndugu wa marehemu msibani. Fungeni ndoa ndogo mpate cheti, msikitini, kanisani au kwa mkuu wa wilaya. Sherehe inaweza kungoja pesa.

Mkishindwana, anzeni na wazee na mshenga wenu, kisha viongozi wa dini. Kwa kawaida talaka haifiki mahakamani kabla ya shauri kupita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na mabaraza hayo yamewekwa ngazi ya kata. Nendeni huko na ratiba ya kazi mkononi, kwa sababu wajumbe wengi hawajui kwamba kulala nje siku 10 kunaweza kuwa kazi halali.

Kazi nyingine ifanyike kabla ya mgogoro wowote, nayo ni kuweka karatasi sawa kwa ajili ya siku usiyokuwepo. Mwigizaji Steven Kanumba alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Mchekeshaji Amri Athumani, Mzee Majuto wetu, alifariki Agosti 2018. Kazi zao bado zinatazamwa. Familia ya msanii ikitaka kujua ina haki gani kwenye kazi kama hizo, jibu limo kwenye karatasi alizosaini akiwa hai. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo aliyeandika skripti na kuuza "haki zote milele" kwa malipo ya mara moja ameuza na sehemu ya wajukuu wake. Uza haki ya kuonyesha kwa miaka inayotajwa na kwa vituo vinavyotajwa. Sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ukilazimika kuuza zote, bei iwe kubwa, na mwenzi wako awe anajua.

Andika wosia. RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini, hutoa huduma ya kuuandika na kuuhifadhi. Nakala za mikataba yote ziwekwe kwenye faili moja nyumbani, pamoja na orodha ya wanaokudai na unaowadai, vifaa vilivyoazimwa na vilipo, na vyeti vya watoto. Kama una chaneli ya YouTube inayoingiza pesa, andika barua pepe uliyoifungulia, namna ya kuingia, na laini ya simu iliyounganishwa nayo, kisha mweleze mwenzi wako laini hiyo isiachwe ikafungwa kwa kutotumika, kwa sababu namba ya uthibitisho hutumwa huko.